Mzee Geti na Kiti cha Dirishani

Hebu mwone anavyokuja. Jua halijapanda vizuri, wenye maduka wengine ndio kwanza wanapiga miayo wakisukuma milango yao, na huyo anatokea kwenye kona, ndoo ya maji mkononi, mkate kwapani, anatembea kama mtu anayeogopa kuiamsha miguu yake mwenyewe. Shati limenyooshwa kwa pasi. Vifungo vyote vimefungwa, hata kile cha shingoni kinachomkaba. Akifika mlangoni hafungui kwanza. Anageuka, anatazama mtaa upande huu, anatazama upande ule, anatikisa kufuli kuona kama halijachezewa, ndipo anatoa ufunguo. Kufuli hilo alilifunga yeye mwenyewe jana jioni, kwa nje, mke wake akiwa ndani, kisha akazunguka na kuingilia mlango wa uani.

Mtu wa namna hiyo hata usipoambiwa unajua. Alikuwa mlinzi.

Alilinda geti la kiwanda cha sabuni tangu watoto wake wakiwa wa kubebwa mgongoni hadi walipomletea wajukuu. Zamani pale getini palikuwa na kiti. Siku moja meneja mpya akamkuta mwenzake wa zamu amekaa, usingizi umempitia, mate yanamtoka. Mwenzake akamwaga unga siku hiyohiyo, na kiti kikaondolewa. Tangu hapo huyu wetu hakukaa tena mbele za watu. Chai alikunywa amesimama. Mvua ilimnyeshea amesimama. Hata habari kwamba mke wake amejifungua kitinda mimba ililetwa getini na dereva wa lori, akaipokea amesimama, akasema "ahsante," akaendelea kukagua lori. Wenzake walimwita Mzee Geti, na hakuchukia. Lilikuwa jina la heshima, au yeye alilichukulia hivyo.

Alipostaafu, mke wake ndiye aliyekuja na wazo. Mama huyu alikuwa amewapikia walimu chai shuleni maisha yake yote, na mkono wake wa chai ulijulikana. "Baba watoto," alimwambia, "tufungue chumba cha chai. Mimi napika, wewe unapokea watu. Kupokea watu si ndiyo kazi yako?"

Alisema hivyo bila kuwaza. Baadaye aliwaza sana.

Nyumba ni ya shemeji yake, mdogo wa mama huyo. Aliwapa chumba cha mbele cha biashara na kijichumba cha nyuma cha kulala. Ni mtu wa roho nzuri, lakini fundi simu alikuwa anakitaka kile chumba, na kila siku alipita kuchungulia. Kwa hiyo shemeji akasema wazi: ngojeeni mwisho wa mwezi. Viti vikiwa bado vinakaliwa na nzi, chumba kinaenda kwa fundi simu, cha mbele na cha nyuma.

Na hapo ndipo penye uchungu. Binti yao alikuwa amejifungua, alimtaka mama yake aende kumsaidia. Kijana wao, mji mwingine kabisa, alikuwa na kochi moja sebuleni na nafasi ya mtu mmoja. Mama kwa binti, baba kwa kijana.

"Yaani tumevumiliana ujana wote," mama alisema akisugua birika, "tuje kuachanishwa na fundi simu?" Alikuwa anatania. Hakucheka lakini.

Basi, wateja walikuwepo? Walikuwepo. Walikuja. Tatizo ni pale walipofika mlangoni.

Siku moja walikuja mafundi rangi wawili, nguo zina madoa, njaa inawauma, wamenusa harufu ya chai tangu barabarani. Mzee Geti alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake, mikono nyuma, kifua mbele.

"Mnamtafuta nani?"

Wakatazamana. "Hatumtafuti mtu, mzee. Shikamoo. Tumekuja kunywa chai."

"Marahaba. Mmeahidiana na nani humu ndani?"

"Tuahidiane na nani, mzee? Na chai!"

Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Waache waingie, wewe!" Wakaingia. Lakini mzee akawafuata kwa macho mpaka walipokaa, kisha akasimama pale mlangoni akiwatazama wanavyokoroga sukari. Ndugu yangu, jaribu kunywa chai ya moto mtu amekukodolea macho hivyo. Waliimeza kama dawa, wakaondoka na ndimi zimeungua.

Ng'ambo ya barabara alikaa fundi viatu, mtu asiyeweza kupitisha jambo bila kulisema. "Mzee Geti!" aliita akigonga soli. "Hao umewatoa au wamejitoa? Weka na kitabu cha wageni basi, watu wasaini!"

"Kaa na viatu vyako," Mzee Geti akamjibu.

"Mimi nimekaa. Wewe je?"

Jioni mama akamwekea maji ya chumvi kwenye beseni atie miguu. Ilikuwa imevimba, vifundo havionekani, soksi zimeacha alama kama kamba. Wote wawili walikuwa na uchovu ule usiotoka kwa kulala, ulioanza zamani kabla ya chumba hiki. Mama alikuwa anapika kuanzia alfajiri chai ambayo nusu yake ilimwagwa.

"Mume wangu, kaa basi mchana."

"Nikikaa nani ataangalia?"

"Kuna nini cha kuangalia? Vikombe?"

Alijua hakuna cha kuangalia. Ila magoti yake hayakujua.

Siku za mwezi zikawa zinakatika. Kisha ikaja mvua ya usiku, bati la kijichumba cha nyuma likavuja juu ya kitanda chao, wakahamisha godoro huku na huku hadi kukapambazuka. Asubuhi ile Mzee Geti alifungua mlango macho mekundu. Mama akamwambia anaenda bombani, foleni ni ndefu, amwangalizie jiko. Mzee akasimama. Akaegemea mlango. Mtaa ukaanza kuzunguka machoni pake kidogo. Pale dirishani palikuwa na kiti, jua la asubuhi limekiangukia vizuri, kimekauka, kina joto. Akasema moyoni, kidogo tu, mpaka mama arudi.

Akakaa. Pumzi ikamtoka ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Na usingizi ukambeba.

Sasa sikia. Wapita njia walitupa macho ndani, wakaona nini? Wakaona mzee ametulia dirishani, kidevu kifuani, kama yuko kwake. Mafundi rangi walikuwa wa kwanza. Mmoja akamgusa mwenzake, "Leo askari kalala, twende." Wakaingia kwa kunyata. Akaja nesi aliyetoka zamu, akaona watu, akaingia. Akaja mwuza magazeti. Mama aliporudi na ndoo yake alikuta meza zimejaa, watu wananong'ona kwa heshima ya aliyelala, na mmoja wa mafundi amejihudumia na kumhudumia nesi. Mama akafunga kitenge kiunoni, akaanza kumimina.

Kilichomwamsha mzee ni kicheko cha nesi. Alishtuka, akaruka wima, kiti kikaanguka nyuma yake, na akapaza sauti, "Sijalala, bosi!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kicheko kizuri, hakikuwa na ubaya, lakini yeye damu ilimpanda usoni. Alirekebisha kola, akaenda mlangoni haraka, akasimama. Mikono nyuma. Kifua mbele.

Na hapo aliona mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Sauti zilishuka. Nesi aliyekuwa amevua kiatu kimoja chini ya meza alikitafuta kwa unyayo akakivaa. Mafundi wakainua vikombe, wakavimaliza kwa mkupuo mmoja, wakaaga.

Kuna maumivu mengi duniani, lakini hebu fikiria hili: kile ulichosifiwa nacho maisha yako yote, kile ulichokitolea miguu yako mpaka ikaharibika, unakitazama kikifanya kazi mbele yako, na unaona ndicho kinachowafukuza watu.

"Shemeji," sauti ikamwita kutoka kona ya ndani. Alikuwa mwenye nyumba. Alikuwa pale muda wote, kikombe cha pili mkononi. "Leo kwa mara ya kwanza nimeona chumba cha chai hapa. Kesho nitapita tena na fundi simu, asubuhi kama hii. Tutaona."

Jioni, miguu kwenye beseni, mzee aliyatazama maji mpaka yakapoa.

"Nilisimama mpaka wakanipa jina," alisema. "Leo uje uniambie kazi ni kulala?"

"Sijasema ulale. Nasema ukae."

"Kukaa kunanichosha, mama watoto. Wewe hujui. Nikikaa namwona yule mwenzangu wa zamu."

Mama akamfuta mguu mmoja, akauweka kwenye paja lake, akachukua wa pili. "Mimi namwona kijana wako na kochi lake," alisema. "Nakuona wewe juu yake, miguu inaning'inia. Na hakuna wa kuifuta hii."

Basi ikawa kesho. Amekwisha fungua. Maji yanachemka, mama yuko jikoni na hageuki, makusudi. Fundi viatu ameacha kugonga, anatazama. Kule kwenye kona mafundi rangi wanakuja, na nyuma yao shemeji na fundi simu wanaongea. Mzee Geti amesimama kando ya kile kiti cha dirishani, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, mwingine nyuma yake kwa mazoea. Magoti yanatetemeka, na mimi sijui kama ni kwa uchovu au kwa kukataa.

Wewe uliyemwona akija asubuhi na ndoo yake, niambie: atakaa?