Mzee ameonja chai ya chupa yake mwenyewe

Wueh! Leo nimeitwa mwongo mbele ya soko lote la Bumala.

Mnakumbuka ile tovuti yangu ya kulinganisha bidhaa, ile mliniuliza kama nimekosa kazi?

Juzi niliandika kuhusu chupa za chai. Niliwapa madereva wa malori walio kwenye foleni ya mpaka wa Malaba wazijaribu, maana hakuna mtu ameteseka na chai baridi kama wao. Chupa moja nyekundu ikashika mkia.

Sasa leo naenda zangu kununua nyanya, mzee mmoja mwenye duka la vyombo ananiita.

"Dada, ni wewe umeandika chupa zangu ni bure?"

Nikasema ndiyo.

"Watu, kujeni muone mwongo!"

Watu wakajaa.

Akatoa chupa nyekundu. "Hii bibi yangu amejaza chai asubuhi." Hapo ni saa saba mchana.

Akamimina. Hakuna mvuke.

Akaonja.

Akachungulia ndani ya kikombe.

Mama wa mboga akamnyang'anya kikombe, akaonja pia. "Hii ni maji ya mto!"

Soko likaangua kicheko.

Mzee akashusha chupa zote nyekundu kutoka kwa rafu, moja moja. Kisha akaniuliza polepole, "Dada, ile namba moja inauzwa wapi?"

"Iko kwa tovuti, mzee. Fungua simu usome."

Akafungua. Akawasomea watu kwa sauti, mpaka pale nilipozisema chupa zake.

Haya, wale wa "umekosa kazi", mko wapi? Semeni kitu hapo chini.