Jiwe la Wachimba Kisima

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiisimulia uso unanichoma. Nilikuwa kijana bado, nafanya kazi za ndani Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Ilikuwa miaka ile wanawake wa kule wameanza tu kushika usukani, na madam wangu alipenda mno kutuendesha mwenyewe. Likizo moja tulihamia shamba lao la zamani nje ya Riyadh: nyumba ya udongo, mitende, na katikati ya bustani jiwe refu lililopakwa chokaa. Marehemu baba yake madam alikuwa ameandika juu yake, kwa mkono wake, majina ya wanaume sita waliochimba kisima cha pale.

Mimi nikaliona chafu. Wageni walikuwa njiani, nami nilitaka sifa. Nikalimwagia dawa ya kusafishia choo, nikasugua kwa nguvu. Nilipomwagia maji, majina yalikuwa yamekwenda na povu.

Madam alipouliza, mdomo ulinitangulia. "Sijui, madam. Bustanini yupo Ami Idrisa."

Ami Idrisa, mtunza bustani, alikuwa mzee wa Kisudani, mpole. Alipoitwa, aliniangalia tu. Madam akamwambia, "Halas, basi! Kusanya vitu vyako."

Nilimwona anakunja mkeka wake wa kuswalia. Nikamkimbilia bibi, mama yake madam, mjane wa yule marehemu. Nikamwambia yote, nalia.

"Jiwe litaandikwa tena," akasema. "Lakini yule mzee akirudi kwao kwa uongo wako, atawaambia nini wanawe? Nenda ukaseme palepale ulipodanganyia."

Nikasema, na wageni wameshafika, wanasikia. Madam akamgeukia Ami Idrisa, akamwomba radhi. Mzee akacheka, akaniita: "Yalla, haya, lete chokaa na rangi!" Kumbe majina yote sita alikuwa nayo kichwani. Yeye akaandika, mimi nikamshikia kopo la rangi, na kazi yake na yangu zikabaki.

Basi mwanangu, ukikosea, sema ni mimi, na useme mapema, kabla mwenzio hajafungishwa virago kwa ajili yako. Na kitu walichowekea watu kumbukumbu zao, usikiguse kabla ya kuuliza. Mungu akupe ulimi mkweli, na popote utakapokula riziki yako, akukutanishe na watu wenye moyo wa kusamehe.