Vioo Vilivyosagwa Vikavu

Pale kwenye karakana ya taa walimwita Msasa, na jina lilimkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake. Kazi yake ilikuwa kukwaruza vioo.

Taa zenyewe hazikuwa na balbu. Zilikuwa vioo bapa vilivyopakwa rangi nyembamba kuliko utando wa buibui, buluu, kijani na nyekundu, tabaka juu ya tabaka. Ukipitisha umeme, rangi hizo zinawaka pamoja na kutoa mwanga mweupe. Shida ni kwamba mwanga mwingi haukutoka. Ulinaswa ndani ya kioo, ukazunguka humo mpaka ukafia humo, na umeme ukaliwa bure. Injinia, mwanamke mpole aliyesimamia majaribio, akaona kwamba kioo kikikwaruzwa upande wa nje, mwanga unapata pa kutokea. Ndipo akatafutwa mtu wa kukwaruza.

Msasa alinyunyiza unga wa mchanga juu ya kioo, akaweka bamba la chuma, akazungusha. Kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi, na yote hayo kikavu. Siku ya kwanza msimamizi alimwonyesha kibao mlangoni: MAJI MARUFUKU.

"Hizi taa na maji ni paka na panya, bwana," alimwambia. "Tone moja tu, taa inaota doa jeusi, imekufa."

Msasa aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa maswali. Vumbi lilipomkaba alitoka nje kukohoa kwa adabu, kama mtu aliyepigiwa simu katikati ya kikao.

Taa zikazidi kung'aa kwa umeme uleule. Wageni walikuja wakapiga makofi. Kifua chake nacho kikaanza kufunga. Ngazi za kwenda chumbani kwao alizipanda kwa mapumziko, na mkewe, fundi cherehani, alijifanya anahangaika na funguo ili amsubiri bila kumwaibisha.

Daktari aliitazama picha ya kifua, akasema mapafu yameota makovu, na makovu hayo hayaondoki. Akiacha vumbi sasa, huenda akabaki hapo alipo. Akiendelea, litammaliza.

"Kesho unakwenda kuomba kazi nyingine palepale," mkewe akasema.

"Nitaanzaje?"

"Utaanza kwa kufungua mdomo. Mengine yatakuja yenyewe."

Akajikaza kisabuni, akaenda kusimama mlangoni kwa Injinia.

"Karibu, mzee. Kuna nini?"

"Kifua, Injinia. Vumbi limekuwa jingi. Kama kuna nafasi nyingine, hata ya kufagia. Ingawa kufagia nako..." Akacheka kidogo, peke yake.

"Vumbi gani? Si unasaga kwa maji?"

"Maji yamekatazwa."

"Yamekatazwa huku kwangu, kioo kikishapakwa rangi. Vyako vikipita pale dirishani, kitu cha kwanza tunaviosha, mzee. Tunaviloweka majini kabisa, halafu tunavikausha kwenye tanuri. Bado ni vioo tu."

Msasa akaangalia viatu vyake. Dirishani pale alikuwa akipitisha vioo kila siku, na hakuwahi kuuliza upande wa pili wanavifanyia nini.

Msimamizi akaitwa.

"Mimi nilijua ni marufuku jengo zima," alisema. "Na yeye mwenyewe hajasema kitu miaka yote hii."

"Hukumsikia akikohoa?"

"Nilidhani ni sigara."

"Sivuti," Msasa akasema.

Injinia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Naye alikuwa amekaa ng'ambo ya ukuta huohuo muda wote.

Wakamhamishia getini, kufungua na kufunga. Mahali pake wakampa mama mmoja mchangamfu, na ndoo ya maji. Anasaga huku akiimba. Injinia alizipima taa za vioo vya mama huyo: mwanga haukupungua hata chembe.

Msasa alipomsimulia mkewe, cherehani ilisimama.

"Kwa hiyo ungeuliza tu."

"Ndiyo."

"Neno moja."

"Mke wangu, naomba tuyaache."

"Siyaachi. Nimelala na hicho kifua nikikisikiliza kinavyopiga filimbi, nikajipa moyo kwamba ndiyo kazi, kazi zote zina ubaya wake. Kumbe haikuwa kazi. Ulikuwa unaona aibu."

Alitaka kumjibu, lakini kikohozi kikawahi. Mkewe akainuka, akamshika mabega mpaka kikapita, akampa maji. Kisha akarudi kukanyaga pedali bila kumtazama, uzi ukakatika, akautunga upya, ukakatika tena. Hasira yake ilikuwa ya haki, na Msasa aliipokea yote. Walikuwapo wengine wawili waliostahili fungu lao, ila hao hawakuishi naye chumba kimoja.