Ram ya Harusi ya Raya

Kompyuta yetu ilinuka karafuu. Ilikaa chumba cha mama na baba, kule Mtambile, na humo ndimo tulimoweka magunia wakati wa mavuno, na vumbi lile kali lilipenya kila tundu la mashine, hata ikipata moto tu nyumba nzima inanukia. Lilikuwa kasha kubwa lenye feni inayonguruma, nami nikiwa binti wa miaka kumi niliamini kwamba Pemba nzima hakuna chenye akili zaidi yake, ila mama yangu.

Mama alikuwa mpiga video wa harusi, upande wa wanawake. Kwetu upande huo hauingiwi na mwanamume: huko ndiko wanawake huvua mabaibui, wakafungua nywele, wakacheza mpaka jasho likawatoka. Aliyemruhusu mama kupiga picha alimpa amana, na sharti lilikuwa moja, zisionwe na jicho la mwanamume yeyote. Mama alipokuwa akizihariri, hata baba alipiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe, akasubiri ukumbini mpaka skrini ifunikwe kanga. Alinung'unika kidogo, lakini alisubiri.

Mwaka ule aliolewa Raya, binti wa jirani yetu Bi Mize, na Jumamosi alikuwa aondoke na mumewe kwenda Maskati. Bi Mize alitaka mwanawe aondoke na harusi yake mkononi, kwani hakujua lini atamwona tena. Kazi ilikuwa imebaki kuviunganisha vipande vya video viwe kimoja na kuvitia kwenye diski, na hapo ndipo kompyuta ilipogoma. Kila ikifika nusu, inaganda. Mama alijaribu mara tatu, na Jumanne mchana nilimwona, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ameshika kichwa.

Alimpigia simu Hamadi, fundi wa Mkoani.

"Hiyo ram, kumbukumbu ya kufanyia kazi, haitoshi, Bi Time," alisema Hamadi. "Ilete hapa, n'takutilia mwenyewe."

"Haitoki hapa, mwanangu. Mna watoto wa watu ndani."

Hamadi alielewa, wala hakubisha. Akamwelekeza mama namna ya kufungua kasha, na mama akamsomea maandishi yaliyobandikwa kwenye ram. Mimi nilishika tochi. Nilipoyaona ya ndani, nyaya na vijumba vilivyopangika kama mji mdogo usio na watu, nilisahau kupumua. Mlikuwa na nafasi mbili tu za ram, kila moja ina kipande cha nusu giga. Hamadi alitaja namna mbili: vipande viwili vinavyolingana vya giga mojamoja, vifanye kazi bega kwa bega na mashine iwe nyepesi, au kimoja cha giga mbili, kikae na kimoja cha zamani, nafasi iwe kubwa zaidi lakini mwendo wote ufuate kile cha polepole.

"Wengi wanachukua pacha," alisema.

Mama aliitazama ile mashine iliyo wazi.

"Mie haraka sina, Hamadi. Mzigo ndio n'nao. Nipe hicho kikubwa."

Nilistaajabu, na mpaka leo nastaajabu. Mwanamke aliyeishia darasa la saba, ambaye hajawahi kufungua hata redio, alilipima jambo la kifundi kwa kuijua kazi yake tu, akalikata.

Baba alikwenda Mkoani Jumatano, akarudi na kile kipande kwenye mfuko wa shati, mkono umekishika njia nzima. Mama alikitia. Mashine ikatoa milio mitatu mirefu na skrini ikabaki nyeusi. Nilijua tumeiua, na Raya ataondoka mikono mitupu. Mama hakupaza sauti. Aliniomba raba yangu ya kufutia penseli, akayasugua meno ya kile kipande cha zamani, kama alivyozoea kusugua betri ya kamera yake, yaliyofifia kwa chumvi ya hewani, taratibu, huku akipuliza. Akasema Bismillahi, akakibana mpaka kikaingia sawasawa. Skrini ikafunguka, nambari nyeupe zikaanza kupanda, zinajihesabu zenyewe, zikaipita ile niliyoizoea ya ram ya zamani na bado zikaendelea. "Allahu akbar," nilisema, kama mtu aliyeuona mwezi wa Idi.

Alhamisi diski ilikuwa tayari. Bi Mize alikuja, akaitazama kidogo, akalia. Kisha mama alimkalisha mbele ya skrini, akafuta kila picha ya harusi ile huku Bi Mize mwenyewe akiona, mpaka pasibaki kitu.

"Tazama, Bi Mize. Amana yako hiyo, n'shairudisha."

Leo mimi ni fundi, nina meza yangu Mkoani. Simu ya mfukoni mwangu ina ram mara tatu ya ile tuliyoishangilia, na kompyuta nyingi mpya hazina hata cha kuchagua, ram imechomelewa humo humo kiwandani. Harusini kila mmoja anapiga video, na kabla bibi harusi hajashuka jukwaani, wanaume wa mtaa mzima wameshamwona. Wanawake huniletea simu zao kwa kuwa ni mwanamke mwenzao, wakaniachia na yote yaliyomo, wakaenda zao sokoni. Huwa nanakili kila kitu kwenye kompyuta yangu kisipotee, nikatengeneza simu, nikairudisha. Nakala naifuta nikikumbuka. Kufungua mashine nilijifunza kwa mama, na kazi hiyo naifanya vizuri. Lakini miaka yote hii sijamkalisha mteja hata mmoja nikafuta mbele yake, na nikimfikiria mama naona haya, ingawa hakuna aliyewahi kuniuliza.