Kiti cha Heshima na Kipimo cha Mwanzi

Kwetu mtu akifa hupigwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi mbele ya kanisa la kigango. Wanaume wakiisikia wanaacha walichoshika, wanachukua majembe na machepe, wanakwenda. Hawaulizi marehemu alikuwa anasali wapi, wala kama alikuwa mwema au mlevi. Mume wangu ndiye aliyewazoesha hivyo. Aliongoza chama cha wanaume wa kigango chetu, huku upande wa Njombe, tangu watoto wetu wanatambaa mpaka wakatuletea wajukuu. Hakulipwa hata kikombe cha chai. Chai nilipika mimi.

Kazi yake hasa ilikuwa kupima. Alikata mwanzi nyuma ya nyumba yetu, akaenda msibani, akawaamkia akina mama waliokaa na maiti, akapiga magoti. Aliulaza mwanzi kando ya marehemu, akaukata kwa kisu pale unyayo unapoishia, kisha akaubeba begani. Waliokutana naye njiani walivua kofia, maana walijua amembeba nani. Kwa kipimo cha mwanzi huo wanaume walichonga jeneza la mbao za msindano, na kwa mwanzi huohuo wakachimba kaburi, wakiongeza kiganja kichwani na kiganja miguuni.

Walibishana sana pale kaburini. Nikipeleka chai nilikuwa nawasikia.

"Mwenyekiti, leo umepima mtu au umepima mbuzi?"

"Chimba wewe. Siku yako nitakupima mdomo, ndiko uliko mrefu."

Wanacheka kidogo, halafu wanakumbuka wako wapi.

Miaka michache iliyopita chama kikaamua kumtunuku. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, pale misheni, baada ya misa. Wakampa kiti kikubwa chenye mikono, koti zito jipya na cheti ndani ya kioo. Mwenyekiti mpya, mtu mzima ambaye mume wangu ndiye aliyemfundisha kushika chepe, akasema kwenye kipaza sauti, "Mzee wetu ametumika vya kutosha. Kuanzia leo asisumbuliwe tena." Akina mama tukapiga vigelegele. Mume wangu akasimama kushukuru, maneno yakamkwama, watu wakadhani ni furaha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Ile haikuwa furaha.

Kiti kililetwa nyumbani kwenye tela la trekta. Kilipoingia sebuleni ikabidi meza itoke.

Haukupita muda rimu ikapigwa. Akanyanyuka, akakata mwanzi wake, akashika njia. Alirudi jioni na mwanzi uleule, haujaguswa na kisu. Kumbe walipima kwa futi kamba kabla hajafika. Yeye walimketisha chini ya turubai pamoja na katekista, wakampelekea soda na sahani.

"Wamenipa nyama ya mgeni," akasema. Akausimamisha mwanzi nyuma ya mlango wa chumbani.

Misiba mingine ikafuata, ikawa vilevile. Akigusa jembe wanamnyang'anya taratibu, "Hapana mzee wetu, wewe kaa." Mwishowe akaacha kwenda mapema. Rimu ikilia anabaki kwenye kile kiti, macho mlangoni. Alichotaka ni kidogo tu, nami nilikijua: mtu asimame pale nje aseme, mwenyekiti, twende, tunakuhitaji. Hakuna aliyekuja. Walikuwa wanamheshimu.

Baridi ilipozidi kifua kikamkamata. Binti yetu akatuchukua kwake Lyamkena, pale Makambako, tuwe karibu na hospitali. Huko malori yanapita kutwa, rimu hakuna.

"Bibi," mume wangu akaniuliza, "huku watu hawafi?"

"Wanakufa. Wanajulishana kwenye simu."

Akavuta blanketi mpaka kifuani. Halafu akasema, "Mimi wameshanizika. Wamesahau tu kunifumba macho."

Kesho yake nikapanda basi nikarudi kijijini. Nikamkuta mwenyekiti mpya shambani kwake anachimba viazi.

"Kamwene, mama. Mzee anaendeleaje?"

"Anakufa kwa kukaa. Mwiteni kazini."

"Mama, mzee hawezi kuinua sululu."

"Nani kasema ainue sululu? Apime. Mwanzi hauna uzito."

Akafuta udongo mikononi. "Watu watasema chama hakina adabu. Tumempumzisha mbele ya padre."

"Padre halali naye nyumba moja. Mimi ndiye ninayemsikia akihema."

Akatazama viazi vyake, kisha akasema sawa, msiba ukitokea atamwita.

Akatimiza. Alifariki mzee mmoja kati ya wale walioanza chama pamoja na mume wangu, simu ikapigwa kwa binti yetu. "Mwambie mwenyekiti tunamhitaji," walisema hivyo kabisa. Mume wangu hakungoja uji. Alivaa koti lake kuukuu, lile jipya akaliacha kwenye msumari. Gari lilipotufikisha kijijini alipita nyumbani kwanza, akauchukua mwanzi nyuma ya mlango akaupangusa, akaona umekauka mno, akaurudisha, akaenda kukata mwingine.

Akampima mwenzake. Alikata sawasawa. Akaubeba begani mpaka makaburini, wanaume wakachimba kufuata mwanzi, na yeye amesimama ukingoni na fimbo yake. Nilimwona kwa mbali, nikasema moyoni, huyu ndiye ninayemjua.

Saa ya kuzika jeneza likakataa kuingia.

Lilikuwa la kununua, kutoka Makambako, lenye vishikio vya kung'aa na mfuniko uliotokeza huku na huku. Mume wangu alipima mtu, kama alivyopima watu maisha yake yote, kwa sababu zamani jeneza nalo lilitoka kwenye mwanzi uleule. Hilo la dukani lilikuwa na vipimo vyake. Wakaliweka juu ya udongo, wanaume wakarudi shimoni kuongeza, kwaya ikaimba wimbo, ukaisha, wakaanza mwingine. Wafiwa wamesimama kwenye manyunyu. Hakuna aliyemwambia mume wangu neno. Hakuna hata aliyemtazama.

Baadaye nikamvuta mwenyekiti mpya kando. "Lile jeneza wewe ulikuwa umeliona?"

"Nililiona mama. Mimi ndiye niliyelipokea."

"Ukajua halitaingia."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningemwambiaje? Mzee ametunukiwa, mama. Nani amsahihishe mbele za watu?"

"Zamani mngemwita mpima mbuzi."

Akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya na hakufanya kwa ubaya.

Mume wangu hakutaka kurudi Lyamkena. Usiku ule aliniambia jambo moja tu: "Wangenitukana, bibi. Ningejua bado niko nao." Baada ya hapo hakuuliza tena habari za rimu. Hata ikilia karibu, aliendelea kutazama moto.

Alifariki kwetu hapahapa, asubuhi, ukungu haujaondoka bondeni. Watoto wakapiga simu kutoka huko waliko, wanataka kununua jeneza Makambako, lenye kioo. Nikasema hapana, litachongwa uani kwake. Wakasema mama, watu watatuonaje? Nikawaambia watawaona kama watoto waliomsikiliza mama yao.

Mwenyekiti akaja na futi kamba mfukoni. Nikampa ule mwanzi mkavu uliokuwa nyuma ya mlango. Aliupokea kwa mikono miwili, akapiga magoti, akaulaza. Alikata polepole, maana mwanzi mkavu unapasuka.

Mbao zikaletwa, wanaume wakaanza kuranda. Wakafanya kazi kimya, kimya kabisa, kama wako mbele ya askofu. Mmoja akikosea mwenzake anasahihisha kwa jicho. Nikavumilia, nikashindwa. Nikatoka na birika la chai.

"Mnachonga jeneza la nani?"

"La mzee wetu, mama."

"Mzee wenu hakuzoea kimya hiki. Kama mmekuja kusali, padre atafika saa nane. Kama mmekuja kuchonga, chongeni."

Wakatazamana. Nikamimina chai. Nilikuwa nimegeuka kurudi ndani ndipo nikamsikia mmoja, kwa sauti ya chini kwanza, "Mwenyekiti, ubao huu umeukata au umeutafuna?"

"Lete misumari wewe, mdomo uache nyumbani."

"Misumari ninayo. Hata marehemu angeucheka ubao huu."

"Angeanza na randa yako."

Sauti zikapanda. Mtu akacheka, akakohoa kukificha kicheko, mwingine akamkemea, wakaanza kubishana juu ya upande wa kichwa na upande wa miguu, nyundo zinagonga.

Niliingia ndani, nikasukuma mlango wa chumba alimolala mume wangu, nikauacha wazi.