Kichwa Nusu

Kinyozi wa mtaani kwetu tulimwita Redio, maana mdomo wake haukuwa na breki. Shirika moja la hisani lilipoanza kuwafundisha vinyozi kuwasikiliza wateja waliolemewa na mawazo, naye akajiandikisha. Siku tatu alikaa kimya darasani, nusura apasuke.

Mteja wake wa kwanza baada ya hapo alikuwa fundi bomba aliyefiwa na mama yake. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshanyolewa fundi alipoanza kusema. Redio akazima mashine ili asikie vizuri. Fundi akasema saa nzima, akalia, akajifuta uso, akashukuru, akavaa kofia, akaenda zake. Redio alikuja kushtuka wakati wa kufagia, alipoona nywele zilizo sakafuni ni chache mno.

Kesho yake asubuhi fundi akarudi.

“Nisamehe, kaka,” Redio akasema.

“Nikusamehe nini? Nilipovua kofia, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba.” Akajitupa kitini. “Mashine usiwashe kwanza. Bado sijamaliza.”