Dawa ya Upele na Mafuta ya Mkia

Maka alikuwa amemzalia Korane watoto, akazika wawili njiani kati ya Sangailu na Kotile, na kila walipohama ni yeye aliyeivunja nyumba na kuijenga tena, fito kwa mkeka. Kisha Korane akaoa Amran, msichana wa meno meupe, na Maka akahamishiwa kibanda cha karibu na zizi. Hilo alilimeza. La ngamia ndilo lililomkwama kooni.

Ulikuwa mwaka ambao serikali iliwakusanya wafugaji wa Garissa katika vijiji vya kufungiwa, ili mashifta, waasi wa nyikani, wakose wa kuwapa maziwa. Boma la miiba huku, askari kule. Kuteka maji mto Tana kulikuwa kwa zamu, bunduki zikiwa nyuma. Ngamia waliozoea kutawanyika nyika nzima walibanwa ubavu kwa ubavu, na upele ukawaingia. Walijikuna mpaka ngozi ikatoka damu. Na ngamia hao hawakuwa wa Korane peke yake. Wengi walikuwa wa ndugu zake, waliomwachia awatunze.

Mchuuzi mmoja akamletea mkebe wa dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe wa mashamba ya bara.

"Mwenyewe kasema uchanganye na maji mengi," Maka alimkumbusha.

"Yatoke wapi? Machoni mwako?" Korane alicheka. "Na lini umeona upele ukatibiwa kwa maji? Maji yanauchekesha tu."

"Na hili fuvu lililochorwa kwenye mkebe?"

"La kupe hilo."

Wafugaji wa huko, tangu mababu, hutibu upele wa ngamia kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Dawa huchanganywa humo, kwa kuwa mafuta hushika ngozi na hayakauki upesi juani. Basi Maka aliyeyusha mafuta, akamimina dawa, akakoroga kwa mkono wake wa kulia. Korane akafunga tambara kwenye fimbo na kuwapaka ngamia, mmoja baada ya mwingine. Ngamia jike aliyependwa kuliko wote alipopita, Maka alisema, "Mwangalieni anavyotembea, kama bibi harusi." Hakusema mashallah, neno la kukinga kijicho. Amran, aliyekuwa akisuka mkeka, aliinua kichwa.

Jua halijafika utosini ngamia yule alianza kutiririka mate na machozi. Nyama zilimcheza chini ya ngozi kama maji yanayopigwa na mvua. Akapiga magoti, pumzi ikimkoroma, na hakuinuka tena. Wengine wakamfuata. Maka alikimbilia kusaidia, lakini naye jasho lilikuwa limemlowesha, mate yakimjaa kinywani, na mchana wote umekuwa kiza machoni pake. Akaanguka palepale zizini.

"Mwoneni!" Amran alipiga kelele. "Jicho lake limemrudia mwenyewe!"

Tangu siku hiyo kina mama walifunika watoto wao nyuso kila Maka alipopita. Waliokuwa wakimposa binti yake Zeinab hawakuonekana tena.

Alipopata nguvu za kutembea, alimwendea Dadacha, Mborana wa Wajir, bwana mifugo aliyekuja na lori la askari kukagua wanyama. Waliongea Kiswahili, ambacho Maka alijifunza kwa kuuza maziwa sokoni Garissa.

"Dawa mlichanganya na nini, mama?"

"Mafuta ya kondoo."

Dadacha alishika kichwa. "Mafuta! Ngozi yenyewe ina mafuta ndani yake. Maji hubisha mlangoni, lakini mafuta huingia kama mwenye nyumba, na dawa imepanda mgongoni mwake."

"Ikishaingia inafanya nini? Mbona niliona giza?"

Akamweleza taratibu. Mshipa wa fahamu ukitaka nyama ya mwili ijikaze, hudondosha chembe ndogo mno isiyoonekana, kama mjumbe. Mjumbe akishasema lake, kuna chembe nyingine, mfagiaji, humkata vipande na kumwondoa ili nyama ipumzike. Sumu ile humng'ang'ania mfagiaji mikono. Wajumbe wanajaa, kila mmoja akipiga kelele: kaza, kaza, toa mate, toa machozi. Mboni hujibana, kifua hujaa maji, na msuli wa kuvuta pumzi huchoka kuitika. "Kupe hufa hivyohivyo. Ana mfagiaji kama wetu, ila yeye ni mdogo. Wewe mwili wako unatengeneza wafagiaji wapya. Ndiyo maana uko hai."

"Basi njoo umwambie Korane."

Akaja. Korane alisikiliza akipekecha mswaki kinywani. "Tungetia maji, kama ilivyosemwa?"

"Wangeishi."

Korane akatema mate.

Ndugu zake walipokuja kuuliza habari za ngamia wao, lori la Dadacha lilikuwa limekwisha ondoka. Maka alisimama mwenyewe mbele ya wazee, akasimulia habari za mjumbe na mfagiaji.

"Mfagiaji ndani ya ngamia!" mzee mmoja aliangua kicheko. "Anafagia nini humo, samadi?"

Maka akamgeukia mumewe. "Korane, ulisikia kwa masikio yako. Sema."

Korane alitazama ndugu zake, kisha mchanga. "Jicho ni haki, lipo kweli," alisema. "Mtume ametuambia."

Jioni alikuja kibandani, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Ninajua, Maka. Ni mkono wangu."

"Ulikuwa na mdomo mchana."

"Nikisema nimewaua ngamia wa ndugu zangu, nitabaki na nani?"

"Na mimi."

Korane akageuka, akaenda zake. Asubuhi alituma watu wawili wampelekee talaka.

Mwanamke akiachwa hurudi kwa kaka zake, na wa Maka walikuwa Kotile. Lakini askari wa langoni alisema hakuna kutoka bila kibali, na kibali hakikutolewa. Kwa hiyo alijenga kibanda kingine ndani ya boma lilelile, hatua chache tu kutoka mlango wa Amran, akakaa humo na Zeinab mpaka vita vilipokwisha. Korane alipita hapo kila siku akienda zizini kwa mbuzi waliobaki, akifunika uso kwa shuka, kama walivyofunikwa watoto.